Puli Tatu za Elburgon

Jumatatu, 4 Machi 1957
Nyapara wa karakana yetu ya kuyeyusha vyuma amestaafu. Nafasi iko wazi. Ni mimi au Kemboi, hakuna mwingine. Bwana Gurdit, mwenye karakana, amesema atatazama kazi ya wiki hii ndipo aamue. Kinu cha mbao cha Elburgon kinataka puli tatu za kuzungushia mikanda ya mashine, upesi. Nimemwambia mke wangu Wariara aanze kuniita nyapara, azoee. Amesema ataanza Gurdit akianza.

Jumanne, 5 Machi
Kemboi ametengeneza kalibu yake ya mchanga ya kumiminia chuma, sasa anaikausha kwa makaa. Tangu asubuhi! Miwani, aproni ya ngozi, mabuti. Mtu mzima. Anasema chuma cha moto kikikutana na maji kitalipuka, na haraka haraka haina baraka. Nikamjibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Watu walicheka. Nadhani walimcheka yeye.

Jumatano, 6 Machi
Siwezi kutulia. Lazima nimimine kabla yake. Mchanga wangu ulikuwa unabomoka, nikauongezea maji, ukashikana vizuri sana. Kukausha kwa nini? Moto wa chuma wenyewe si utakausha? Nashangaa hakuna aliyewahi kufikiria hili. Kesho nitavaa viatu vya kanisani. Nyapara hapokei kazi akiwa amevaa mabuti.

Alhamisi, 7 Machi
Nilimimina mbele ya Bwana Gurdit. Kalibu ikanguruma, ikatema. Chuma kiliruka hadi kwenye mabati. Bwana Gurdit alijitupa nyuma ya pipa. Tone moja likaniingia kiatuni na kamba zikakataa kufunguka. Kemboi alizikata kwa kisu, akavua kiatu, akaumwagia mguu maji hadi nikaacha kupiga kelele. Nililia. Naandika hivyo kwa sababu hakuna atakayesoma.

Jumamosi, 9 Machi
Kemboi ni nyapara. Puli zake zimetoka safi zote tatu. Amekuja kunijulia hali na kibuyu cha maziwa lala. Kumbe alimsihi Bwana Gurdit asinifukuze. Nani alimtuma? Wariara amemwita nyapara mara tatu bila kufundishwa. Nimeona wivu mpaka maziwa yakanishinda. Baadaye niliyanywa.

Jumatatu, 18 Machi
Nimerudi kazini na mkongojo. Kemboi amenipa kazi ya kukaa karibu na kalibu zake zilizokauka, nisiguse kitu. Wengine wanaona ni adhabu. Mimi nauliza, anayeachiwa mali ya nyapara ni nani kama si msaidizi wake? Nafasi hiyo haijatangazwa bado, basi lazima nionekane. Bwana Gurdit anakuja saa nane kumtazama Kemboi akimimina, na kalibu zimejaa vumbi la makaa, aibu tupu. Nimejikokota na debe, nikazinyunyizia maji zote sita. Sasa ni safi kabisa.