Bunduki ya Babu na Maharage ya Hedwiga

Jumatatu, 5 Mei 2025
Nyani wamekula matuta manne ya maharage. Mke wangu Hedwiga kasema haya yakiisha tutakula mawe mpaka vuli. Nikamwambia tulia, mume unaye! Nikashusha darini bunduki ya babu. Mitutu miwili! Masizi ya miaka sitini. Imechongwa namba 12. Basi imetengenezwa 1912, na Wajerumani. Nimesoma mwenyewe. Ngumbaru sikwenda bure.

Jumanne, 6 Mei
Nimemwonyesha Asheri, bwana nyamapori mstaafu. Salamu hakuna, kelele tu: Baba Jackson, usinielekezee tumboni! Akaikunja, akachungulia kama ina risasi. Haina. Eti 12 ni ukubwa wa risasi, si mwaka. Eti ya Mwingereza. Eti mitutu imesokotwa kwa vyuma vyembamba kama kamba ya mkonge, nikitia risasi za siku hizi itanipasukia usoni. Niipeleke polisi Same. Wivu! Babu yake alikuwa na fimbo.

Alhamisi, 8 Mei
Nyani tena. Matuta sita. Nikaamua kuing'arisha, wakiiona watahama. Nikaikunja, nikaweka mdomo kwenye mtutu, nikapuliza masizi. Vuuuuu! Mlima ukaitika. Baragumu la msaragambo kabisa, la kuitia watu kazi ya kijiji! Mara kijiji kizima hiki hapa na majembe, wanauliza bwawa limebomoka wapi. Melkizedeki, mshika baragumu wetu, kaja peku, anatweta. Akasema kanuni inajulikana: anayepiga baragumu bila kazi anatoa mbuzi. Nikamwuliza, hili ni baragumu? Hii bunduki! Kanuni ya bunduki ipo? Nimewashinda.
Kisha mwenyekiti akasema ipo, tena iko polisi.

Ijumaa, 9 Mei
Same. Nimeisalimisha. Hawakunifunga. Nimewafundisha wale askari: kunja kwanza, chungulia, usimwelekezee mtu tumboni. Na 12 si mwaka. Wakauliza mzee kajulia wapi. Nikasema kipaji.

Jumamosi, 10 Mei
Nyani hawajui bunduki imekwenda. Wanajua mlio. Nimekata kipande cha bomba la maji, nikasimama katikati ya maharage, nikapuliza. Vuuuuu! Nyani wakakaa juu ya mwamba, wakatazama. Kijiji kikaja. Wote, mbio, wakakatiza shambani. Melkizedeki kaondoka na mbuzi wangu. Hedwiga anaokota maganda kwenye nyayo za watu.
Lakini ukweli usemwe: tangu hapo hakuna nyani aliyegusa harage langu. Yamekwisha.
Sasa mahindi. Nahitaji bomba refu zaidi.