Mtambo Mdogo Usiowahi Kuvuja

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza, Mheshimiwa Makamu wake, Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati Ndogo ya Kamati Kuu, wazee wetu, kina mama, na ninyi nyote mliosimama kwa kuwa viti ni vya wageni: kwanza mimi, waziri wenu, niwaombe radhi kwa ukimya wa miaka mitatu, ambao haukuwa wa dharau bali wa kitaalamu. (Makofi, safu ya mbele.)

Kama mnavyokumbuka, tulibomoa mtaa huu ili kupisha mtambo mdogo wa kisasa wa nyuklia. Na kwa kuwa haiwezekani kiteknolojia wala kisera mtambo mdogo ukatozwa fidia ya mtambo mkubwa, ofisi yangu, baada ya semina na warsha nyingi nilizozifungua mimi mwenyewe, imeandaa kanuni mpya za dhima, yaani wajibu wa kulipa hasara, na fidia, ambazo…

(Bibi mwoka mikate, kutoka nyuma: "Mwanangu, tanuri langu mtalilipa lini?")

Swali zuri, mama yangu. Kanuni zinasema mwendeshaji wa mtambo atabeba dhima yote, hata asipokuwa na kosa. (Makofi.) Ila dhima hiyo huanza siku urani, yaani fueli ya nyuklia, inapoingizwa mtamboni, na hufidia madhara ya mionzi tu. Je, tanuri lako liliharibiwa na mionzi?

("Liliharibiwa na tingatinga lako!" Kicheko.)

Basi kitaalamu, mama, tingatinga si mionzi.

("Wajukuu zangu walikuwa wakila kwa tanuri lile! Kiwanja chenyewe kimejaa nyasi. Si nirudi nijenge?")

Hapana, mama! Utawasha moto katika eneo la hatari ya nyuklia? Usalama kwanza! Tena nitangaze kwa fahari kwamba tangu tubomoe, hakujatokea ajali hata moja, hakujavuja hata tone, na wageni kutoka nchi za mbali wamekuja kujifunza tumewezaje. (Minong'ono.)

Mtambo mdogo! (Watu wanatazamana.) Nasema, mtambo mdogo! (Dereva wa waziri, peke yake: "Usalama mkubwa!")

Nawashukuru kwa kupisha maendeleo, na hasa namshukuru mama huyu kwa uvumilivu wake. Uamuzi wa iwapo mtambo wenyewe uagizwe au usiagizwe utakapofikiwa, nitamwandikia kila mmoja wenu barua, nyumbani kwake.

("Nyumbani wapi, mwanangu, nawe nyumba umeibomoa?")