Idara ya Kuthibitisha Mambo Ambayo Hayajatokea

Idara ya Kuthibitisha Mambo Ambayo Hayajatokea inayo furaha kuwatangazia wananchi wote kwamba toleo jipya la jarida la mtandaoni la hadithi za kubuni kuhusu wakati ujao limekaguliwa, limethibitishwa na sasa linasomeka. Idara yenyewe haipo tena. Nitaeleza ilivyokuwa, kwa kuwa nilikuwa Mkaguzi Mwandamizi, na mhariri wa jarida hilo ni binti yangu. Upendeleo sina: namkaripia nyumbani na ofisini sawasawa.

Sheria ilikuwa wazi. Hakuna wakati ujao ulioruhusiwa kuwafikia wasomaji kabla ya kupita kwetu. Binti yangu alikuja asubuhi, akapanga foleni kama mteja yeyote, ingawa tulitoka nyumbani pamoja, na chai nilimpikia mimi. Toleo lisingetoka siku ile, jarida lingefutiwa usajili, na waandishi wake waliohangaika mwaka mzima wangebaki kusomeana hadithi kwenye simu.

Mkurugenzi alianza na hadithi ya watu waliojenga mtaa mwezini. Akauliza kibali cha ujenzi kiko wapi. Kuhusu bibi aliyehamia chini ya bahari, alitaka barua ya utambulisho kutoka kwa mjumbe wa huko chini. Binti yangu akamweleza kwa adabu kwamba hayo yote ni ya kubuni. Mkurugenzi akamfahamisha kwamba mambo ya kweli hayahitaji kuthibitishwa, yanaonekana kwa macho. Ndiyo maana ikaundwa Idara. Nikatikisa kichwa kukubali. Hiyo nayo ilikuwa sehemu ya kazi yangu.

Kisha akavua miwani.

"Nimepitia wakati ujao wote huu, binti. Sisi tuko wapi?"

"Hamumo, mzee."

Nilimkanyaga mguu chini ya meza, lakini nimemzaa mwenyewe, najua ulimi wake hauna breki. Mkurugenzi akaamuru Idara iingizwe kwenye toleo, kwa jina lake kamili, la sivyo muhuri haugongwi.

Nikamvuta binti yangu hadi kwenye korido.

"Mwanangu, mweke."

"Nimweke vipi, mama?"

"Mtu akitaka kupigwa picha, mpige. Sura ni yake."

Akaketi kwenye benchi, kompyuta mapajani, akaandika hadithi nzima. Katika hadithi hiyo Idara inafanya kazi kwa ufanisi mkubwa hata inafungwa, na hakuna anayegundua isipokuwa mpishi wa chai. Vyumba vyake wanapewa watoto wa chekechea.

Mkurugenzi hakuisoma. Alitafuta jina la Idara, akalikuta kila ukurasa, akatabasamu, akagonga muhuri: IMETHIBITISHWA. Toleo likatoka kabla ya adhuhuri.

Sasa, wizarani kuna utaratibu mmoja mtakatifu, alioupigania Mkurugenzi mwenyewe: chenye muhuri wetu hakiulizwi swali. Wizara iliposoma kwamba Idara imefungwa, ikatekeleza. Wiki iliyofuata wakaja wachukuzi, na nyuma yao mwalimu wa chekechea na viti vyake vidogo.

"Ile ni hadithi tu," alisema Mkurugenzi, ameng'ang'ania meza.

"Ina muhuri wako, bosi," mchukuzi akamjibu. "Toa mkono tupite."

Akanigeukia mimi, akanitaka nithibitishe kwamba jambo lile ni la kubuni. Nikamweleza kwa masikitiko kwamba mwenye mamlaka hayo ni Idara, na Idara imefungwa.

Mimi nimehamishiwa idara ya maji, ambako bado nashughulikia vitu visivyokuwepo.

Mkurugenzi hakukata tamaa. Ameandika kisa chake mwenyewe, cha kiongozi mchapakazi aliyeng'olewa kitini na muhuri wake, akamtumia binti yangu ili toleo lijalo liweke mambo sawa. Binti yangu alikisoma mpaka mwisho, jambo ambalo Idara haikuwahi kulifanya. Kisha akakirudisha kwa heshima zote: mzee, umejitahidi, ila mhusika mkuu haaminiki.