Jedwali la Midoli na Sikio la Upande wa Pili

8 Desemba, Jumatatu

Mwanangu Kefa kapiga simu asubuhi. Yeye na mkewe Angelina wanakwenda Mwanza kwenye mafunzo ya kazi, hawarudi mpaka mwaka mpya. Watoto wao watatu wanaletwa kesho, hapa hapa kwangu Ipagala. Mungu mkubwa! Kisha akaharibu. Eti Jumamosi Mzee Lameck, baba yake Angelina, atakuja kuwachukua awapeleke kwake Gulwe. Nikauliza kwani Krismasi hailiki Ipagala? Akasema basi, watoto wenyewe wataamua hiyo Jumamosi, yeye hataki ugomvi wa wazee.

Hataki ugomvi! Ugomvi upo siku nyingi. Lameck alikuwa mtu wa reli na nyumba yake imetazamana na stesheni. Mwaka jana wajukuu walikaa huko mwezi mzima wakipungia treni. Mimi na mke wangu Ruthu tukala jogoo mzima wawili, kimya, mpaka nikawa nasikia friji inavyoguna. Niliumia. Sirudii tena.

Treni huishindi kwa peremende. Unaishinda kwa sayansi. Kila umri na mdoli wake, hakuna kubahatisha. Nilikaa kwenye mizani ya malori miaka thelathini na moja, najua maana ya kupima kwanza. Nimechora jedwali nyuma ya kalenda ya kanisa ya mwaka juzi. Huku umri, huku kichezeo kinachofaa. Limependeza sana. Kasoro moja tu: sikumbuki hawa watoto wana miaka mingapi. Kumwuliza Ruthu siwezi, atanisema mpaka Pasaka.

9 Desemba, Jumanne

Wamefika. Emiliana, mkubwa wao, kaniamkia vizuri, nami nikamwita mke wangu kama ada. Kasema hataki mume anayekoroma. Daudi, wa kati, kaulizia treni kabla hajavua viatu. Hilda, wa kubebwa, kanitazama mara moja akaangua kilio.

Umri nimeupata! Kipimo cha sikio. Ndicho kilichoniingiza shule mimi. Vyeti vya kuzaliwa tungevitoa wapi siku zile? Mwalimu alikwambia pitisha mkono juu ya kichwa, ukigusa sikio la upande wa pili una miaka saba, ingia darasa la kwanza. Usipogusa, rudi kwenye mbuzi.

Nikawapanga ukutani. Emiliana kagusa bila shida. Daudi naye kagusa! Kweli alilaza shingo mpaka sikio likawa begani, lakini mwalimu wetu hakuwahi kukataza shingo. Hilda nilimsaidia kuinua mkono, akaning'ata kidole. Nimeandika: Emiliana saba, Daudi saba, Hilda chini ya saba, anang'ata.

Ruthu kapita na sufuria. Kasema Emiliana ana miaka minane, Daudi minne, Hilda miezi kumi, na kwamba Daudi alimpokea yeye mwenyewe wodini. Nimemjibu kwa upole. Nikamwuliza, dereva akija na lori akakwambia mwenyewe lina tani ngapi, unaandika tu? Kasema wajukuu si malori. Ndiyo maana hakuajiriwa mizani.

10 Desemba, Jumatano

Sokoni. Shaaban, kijana wa Kondoa anayetandaza midoli kwenye turubai la bluu, kanipokea kwa shikamoo tatu. Nikamfungulia jedwali. Kaliangalia muda mrefu. Kasema tangu aanze biashara hajaona mteja wa namna hii. Nikajisikia vizuri.

Kwa wale wa miaka saba nimechukua drafti, ubao na vizibo vyake, ili wanoe akili. Mbili, maana wote ni saba. Kwa Hilda nimeokota dhahabu! Boksi la vipande vidogo vidogo vya kupachika, na pembeni lina alama: duara, ndani yake kauso ka mtoto analia, kamekatwa mstari mwekundu, na namba 0-3. Sikuhitaji kuelezwa. Mtoto wa sifuri hadi mitatu HATALIA. Wameandika kabisa! Lameck na treni lake, treni gani lina hati ya kutomliza mtoto?

Jioni. Daudi kavipanga vizibo vya drafti mstari mmoja toka sebuleni hadi chooni. Kasema ni mabehewa. Vilivyobaki kavitia kwenye maharage ili visafiri. Nimetafuna kimoja.

Emiliana kanifunga drafti mara kumi na moja. Nilimwachia. Mara ya tisa sikumwachia.

Hilda: nimemwagia vipande vyote mkekani. Kafurahi, kachota konzi, kapeleka mdomoni. Ruthu karuka kutoka jikoni namna ambayo sijamwona akiruka tangu tuoane. Kavikusanya vyote, kafungia juu ya kabati. Hilda kalia saa nzima. Nimelirudia lile boksi, nikalisoma upya. Alama iko wazi. Lazima ni la mwaka wa nyuma, limeisha nguvu.

11 Desemba, Alhamisi

Emiliana kasema wameonyeshwa shuleni: alama ile ni katazo, mtoto wa chini ya miaka mitatu asipewe, atakabwa. Nimecheka. Mimi niliyeishi na alama za barabarani miaka thelathini na moja nifundishwe alama na mtoto wa darasa la pili! Kasema anaingia la tatu. Jeuri kaitoa kwa bibi yake.

Nimelirudisha boksi kwa Shaaban. Nimemwambia limeharibika, mtoto kalia. Kainama kama mtu anayetafuta kitu chini ya turubai, mabega yanatikisika. Alipoinuka kasema maneno yale yale ya Emiliana. Sasa naelewa. Wamekula njama. Sishangai nikisikia ana ndugu Gulwe.

Amenibadilishia kwa manyanga ya plastiki, ya kijani, kasema hayo hayana vipande wala hati yoyote. Hilda kayatikisa mara moja, kayatupa kwenye pipa la maji. Zimebaki siku mbili na Daudi kaniuliza mara nne Jumamosi ni lini. Nimepoteza hamu ya kula. Nimekula kidogo tu, mara mbili.

12 Desemba, Ijumaa

Nimeshtuka alfajiri na jibu kichwani. Wanataka treni? Nitawapa treni!

Nimefunga kamba: mbele beseni kubwa, katikati kreti la soda, nyuma nusu ya dumu nililolikata. Injini ni mimi. Daudi kakaa kwenye beseni, Hilda kwenye kreti kazungushiwa mto, Emiliana kwenye dumu anakata tiketi za majani ya mpapai. Mvua ya juzi imeacha tope laini mtaani, linateleza vizuri. Tulitoka getini saa nne kamili. Nilipiga honi kwa mdomo.

Nasema kweli tupu, kilikuwa kitu kizuri. Daudi anapiga kelele, mtaa mzima umetoka nje. Hata Hilda alinyamaza, akawa ananitazama mgongo. Kufika kona ya mashine ya kusaga, watoto wa jirani wawili wakajipakia bila tiketi. Uzito ulizidi. Mtu wa mizani nilipaswa kujua! Nikavuta, nikavuta, bega la kulia likasema ka! Beseni nalo likapasuka katikati, Daudi kaendelea na safari kwa makalio.

Beseni lenyewe kumbe ni lile la Ruthu la kuchanganyia unga wa maandazi ya Krismasi. Sitaandika aliyoyasema. Amenisugua bega kwa mafuta ya moto huku anayasema. Mkono haupandi juu ya kifua.

13 Desemba, Jumamosi

Niandike polepole, na kwa mkono wa kushoto.

Lameck kafika saa tano, suruali imenyooka. Mkononi bendera mbili, ya kijani na nyekundu, na filimbi ya reli ya shaba. Hakuna kingine! Wala hakuwa na jedwali. Kapuliza mara moja: Hilda kapiga makofi. Kampa Daudi bendera, kamfundisha kuruhusu na kuzuia, naye kaanza kuwazuia kuku. Emiliana kaishika filimbi akasema ni ya kweli, si mdoli. Miezi kumi, miaka minne, miaka minane, wote kwa kitu kimoja. Nikamwona yule jogoo, mimi na Ruthu wawili, na friji.

Nikasimama. Nikasema filimbi haina umri, haijapimwa, na mtu anayegawa vichezeo naye apimwe kwanza kama amefikia. Nikabandua jedwali ukutani. Ruthu kasema Gideoni, nakuomba, kaa. Sikukaa. Lameck kauliza kipimo ni kipi. Nikamweleza. Ana mikono mirefu kama mtu aliyezaliwa kwa kazi ya kupokea mizigo dirishani. Kapitisha juu ya kichwa, kagusa sikio, kashuka nalo mpaka kwenye ndewe, kajikuna na shavu.

Emiliana kasema zamu ya babu. Nikasema babu ndiye mpimaji. Kasema hata mizani hupimwa. Ni kweli. Nilimfundisha mwenyewe jana.

Mkono wa kulia ulifika kwenye kifua, ukakataa. Nikausukuma kwa wa kushoto. Ukafika kidevuni. Nikalaza shingo kama Daudi, kiuno kikalia. Nikapiga goti kidogo. Sikio nililisikia liko huko, mbali, sikulifikia.

Emiliana kachukua jedwali, kalisoma kwa sauti kidole kikifuata mstari: asiyegusa ni chini ya saba. Kaniuliza kama nang'ata. Daudi katoka mbio, karudi na yale manyanga ya kijani yanadondosha maji, kaniwekea mkononi. Kasema haya ndiyo yako.

Nifanye nini mtu mzima? Jedwali ni langu, mwandiko ni wangu. Nikayatikisa.

Hilda kacheka! Hilda ambaye tangu Jumanne akiniona analia. Kacheka mpaka akashikwa na kwikwi. Nikatikisa tena, kacheka tena, kajivuta kwa makalio sakafuni hadi miguuni kwangu, kashika suruali yangu. Lameck alikuwa anafuta macho kwa bendera nyekundu.

Ndipo Ruthu akauliza, maana lazima mtu aulize: wanangu, mnakwenda Gulwe au mnabaki? Nikaacha kutikisa manyanga. Emiliana kafikiri. Kasema Gulwe ni pazuri, lakini treni likishapita limepita, unakaa unasubiri. Babu hapiti, yupo siku nzima. Halafu akasema, kwa sauti ya mama yake kabisa, kwamba hawawezi kuondoka, babu bado mdogo na bibi peke yake hatamweza.

Wanabaki! Macho yalinitoka maji. Ni bega. Bega likiuma linavuta mishipa ya macho, mtu yeyote anajua.

Lameck kakunja bendera zake moja moja, taratibu, kama mtu aliyefunga stesheni. Nikakumbuka kwamba mama yake Angelina hatunaye huu mwaka wa tatu. Na yeye ana friji. Niliona vibaya kweli kweli, kwa muda wa tonge mbili hivi. Ruthu kanitangulia. Kamwambia mzazi mwenzetu, Krismasi huendi kokote, chumba kipo. Kakubali haraka mno.

15 Desemba, Jumatatu

Bega afadhali. Nimepata utulivu wa kutathmini, na matokeo yako wazi: jedwali limeshinda. Treni la chuma, lenye stesheni na ratiba, limeangushwa na kalenda ya kanisa na penseli. Wajukuu wamebaki. Ruthu anasema hawakubaki kwa ajili ya jedwali. Nimemwuliza basi kwa ajili ya nini. Kaniangalia sana, kisha kaenda kuazima beseni kwa jirani.

Tatizo lililobaki ni Lameck. Kila saa yuko dirishani, anatazama upande wa reli. Anasema hata hapa anausikia mlio. Mtu kama huyo anahitaji kichezeo cha umri wake. Umri wake sijui, na sitamwuliza mtu. Nina kipimo. Aligusa sikio, kwa hiyo ni saba. Nimeongeza safu.

Nimetoka kwa Shaaban sasa hivi. Aliponiona alianza kukunja turubai, lakini nilimwahi. Nimepata treni dogo la betri, na vipande arobaini na nane vya reli vidogo kama kucha. Linazunguka na kurudi, linazunguka na kurudi. Halipiti likaenda. Emiliana kaligeuza boksi, kanionyesha pembeni kwa kidole, kafungua mdomo. Nimemwambia anyamaze, nimeshaona, ndiyo maana nimelichukua.

Kale kauso kapo, na mstari wake mwekundu. Lameck hatalia.