Msumari wa Sebuleni na Kamera ya Mzee wa Magazeti

Jumatatu, 2 Juni

Uniwie radhi, shajara yangu. Tangu mvua zianze sijakugusa. Nilikuwa nikibembeleza kamera, na sasa ninayo! Ameniuzia mzee aliyekuwa mpiga picha wa magazeti: mpini ubavuni, lenzi kama jicho la bundi, uzito wa pasi ya mkaa. Mke wangu ameizunguka, kisha akauliza kama inasaga nyama. Hajui kuwa ni kwa ajili yake. Siku ya arusi yetu mpiga picha alifyatua kutwa nzima kwa kamera isiyo na filamu. Mzembe! Mke wangu alikuwa amekwisha kupigilia msumari wa kutundikia picha sebuleni. Miaka arobaini haujabeba kitu. Jumamosi ukoo wote unakuja kwa sherehe yetu. Msumari utapata kazi.

Jumatano, 4 Juni

Mazoezi. Filamu huviringishwa pamoja na karatasi nyeusi, na haitakiwi kuona mwanga. Niliifunga vizuri sana. Kisha nikaingiwa na shaka, nikafungua mgongo wa kamera uani, jua la adhuhuri, nihakikishe kwamba haioni mwanga. Imeona.

Shemeji, kaka wa mke wangu, akapita. Simu yake ina macho matatu. Alimpiga dada yake picha akichambua mchele, akamwonyesha papo hapo, wakacheka. Picha gani hiyo isiyomtoa mtu jasho? Akaniuliza kama yangu inatumia kuni.

Ijumaa, 6 Juni

Njama imekamilika. Kesho shemeji atamshikia dada yake mwavuli, kwa mikono miwili, ili simu ibaki mfukoni. Nimemwambia ni kazi ya heshima, haipewi mtu asiye wa damu. Maskini, ameahidi kuvaa koti.

Kanuni nimezikariri: sogeza filamu, tega mtambo, fyatua. Yote kwa mkono. Kamera hii haimkumbushi mtu kitu. Wala sihitaji kukumbushwa.

Jumamosi, 7 Juni

Ushindi! Ukoo ulijipanga uani, mke wangu kitini katikati, kiti changu kitupu kando yake. Mtambo una saa: ukiutega unanguruma kidogo kama nzi ndani ya chupa, kisha unafyatuka wenyewe. Nikatega, nikakimbia. Ukafyatuka kabla sijakaa. Nikarudi, nikatega, nikakimbia. Hivyo hivyo mpaka picha zote nane za filamu zikaisha. Wajukuu walikuwa wanapigana. Binti yetu mkubwa alikwenda kutazama jikoni. Shemeji aliomba apumzishwe mikono, nilikataa. Mke wangu pekee hakutikisika. Alisema miguu inamuuma na kiti ni kizuri.

Alhamisi, 12 Juni

Bibi wa studio amesafisha filamu. Picha saba hazimo. Ipo moja, na zote nane zimo ndani yake. Nilitega kila mara, lakini filamu sikuisogeza hata kidogo. Mbio zilinisahaulisha. Bibi akasema mwanga nao niliupima vibaya, kila picha peke yake ingekuwa giza tupu, lakini mwanga wa zote nane kwa pamoja umetosha. Makosa yangu mawili yameokoana.

Ukoo umekuwa moshi wenye meno. Mwavuli unaelea bila mwenyewe. Mke wangu ametoka safi, kila ua la gauni lake linahesabika. Ubavuni kwake kuna vivuli vyangu, kimoja nyuma ya kingine, vyote vinamkimbilia. Hakuna kilichofika.

Nyumbani nilitaka kuichana. Shemeji akanishika mkono, akasema taratibu, "Hii usiiguse, shemeji."

Mke wangu aliichukua, akaitazama.

"Si ndio sisi, mzee wangu? Mimi nimekaa nakungoja, wewe unakuja mbio."

Akaitundika mwenyewe kwenye msumari.

Ijumaa, 13 Juni

Nimetafakari. Kosa lilikuwa la kiti: kiliwekwa mbali mno. Kuna mtu anauza kamera kubwa zaidi, ya mbao, inayobebwa na watu wawili. Shemeji ana mabega. Au nianze kwa kugeuza bafu kuwa chumba cha giza cha kusafishia filamu? Mke wangu huoga asubuhi, itabidi abembelezwe. Msumari wa pili nimekwisha kuupigilia. Kamera au bafu, nikishaamua, wewe, shajara yangu, ndiwe wa kwanza kuandikiwa.