Posa ya Mpira wa Wavu

Jumamosi, 6 Julai 2019. Euless, Texas.

Msiba! Intisar amecheza vizuri mno.

Nieleze, maana shajara isiyoeleza ni kelele tu. Intisar ni mjukuu wangu, ana miaka kumi na sita, na ndiye mwanafunzi wa pekee wa skuli yetu. Skuli ni meza ya jikoni. Mimi ni mwalimu mkuu, mwalimu wa hesabu, mwalimu wa jiografia na mpiga kengele. Kengele ni kijiko na sufuria. Mama yake, binti yangu Badria, ni nesi, huondoka alfajiri. Alipoamua mtoto asomee nyumbani, mimi nilikuwa Wete, Pemba, mjane na mstaafu, nikiwasomea kuku magazeti. Nikaitwa. Nikaja mbio.

Sasa mpira. Hapa Texas mtoto anayesomeshwa nyumbani hachezei timu za skuli za serikali. Kwa hiyo watoto wa namna hii wana timu zao, na wazazi ndio madereva, wagawa maji na wafunga nyavu. Mimi nafunga wavu. Leo, kwenye ukumbi wa Cedar Hill, tuliwakaribisha Houston. Intisar aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Houston wakachapwa. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawasha. Mjinga mimi!

Kocha wa Houston, msichana Mrundi aitwaye Raïssa, aliona. Anamtaka. Msimu mzima, akakae huko kuanzia Agosti. Timu yao hutazamwa na makocha wa vyuo vikuu, na vyuo humsomesha bure mchezaji hodari. Timu yetu hutazamwa na mimi.

Garini goti la Intisar lilikuwa likicheza. Badria alisema yeye hana neno. Atakalosema Babu ndilo.

Babu aliuliza kama kuna chai.

Jumapili, 7 Julai

Nimepata hila. Safi, ya kiungwana, haina dhambi.

Kwetu mtu akija kutaka binti yako, humwambii hapana. Hapana ni neno la kufukuzia mbuzi. Unamwambia karibu, ila kuna masharti. La kwanza jepesi, la pili zito, la mwisho haliwezekani. Mwenye akili anaelewa, anamaliza kahawa yake, anaaga. Hakuna aliyeudhika. Babu yangu alimkataa hivyo bwana mmoja tajiri, na bwana yule akaja kumzika kwa machozi.

Nimempigia Raïssa. Kiswahili chake kinachechemea. Aliletwa Houston akiwa mdogo. Nikamwambia tumepokea maombi yake kwa heshima, lakini binti haombwi na kijana kwa simu. Alete mzee.

Alisema, “Sawa, Babu.”

Sawa! Amekata tamaa bila hata kubishana. Nimelala mchana kutwa kama sultani.

Badria ananiuliza kwa nini naimba.

Jumamosi, 13 Julai

Amemleta mzee.

Baba yake mzazi, Balthazar. Mwendo wa saa nne barabarani, kavaa suti nyeusi na tai kwenye joto hili la kuyeyusha lami. Anafanya kazi katika ghala la nyama iliyogandishwa, na alisema suti hii ndiyo anayoivaa kanisani na kwenye mambo makubwa. Nyuma yake Raïssa amebeba makreti mawili ya Fanta. Balthazar alieleza kwamba kwao Burundi mtu haendi kuomba msichana bila pombe. Lakini kwa kuwa amesikia sisi ni Waislamu, Mungu atapokea Fanta.

Akasimama katikati ya sebule. “Muzee mwalimu, siye tumetembea tukasikia harufu ya ua. Tukafuata ile harufu, imetufikisha hapa kwako.”

Nilitaka kulia. Miaka mitatu sijasikia mtu akizungumza hivyo. Intisar alikuwa mlangoni amejiziba mdomo kwa mkono. Badria alininong'oneza, “Baba, hii si posa, huu ni mpira.” Nikamwambia anyamaze, wageni wako kwenye maneno.

Nikajikaza. Sharti la pili: binti yetu halali ila kwenye nyumba ya ndugu zake wa damu, penye sala na chakula cha halali. La tatu: hachezi na kaptura. Miguu ifunikwe, kichwa kifunikwe.

Raïssa alikuwa akiandika kwenye simu yake. Anaandika! Nikamtazama Balthazar, mtu mzima mwenzangu, aone maana. Balthazar akaniomba sukari.

Kisha ikawa balaa: wakakaa. Pilau ikaliwa. Balthazar aliishi miaka mingi kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma. Anazijua njia za reli, anaijua mvua ya Ziwa Tanganyika, anamjua hata muuza vitabu wa Ujiji aliyeniuzia ramani mwaka ule nilipopeleka wanafunzi ziara. Tulizungumza mpaka sala ya alasiri ikanipita nikaikumbuka ikiwa imechelewa. Walipoanza kutafuta viatu, kifua changu kilishuka kama ndoo kisimani.

Ndipo nikakumbuka kazi yangu. Nikatoa la mwisho. Nikasema kwetu kuna kilemba, zawadi ya mzee wa binti. Kilemba changu ni bao. Si la plastiki, si la dukani. Bao la mninga lililochongwa kwa mkono, na kete zake za komwe, kama lile nililoliacha Wete.

Balthazar aliitazama mikono yake.

Nimeshinda! Mninga haumei Texas. Hilo nalisema kama mwalimu wa jiografia.

Ijumaa, 19 Julai

Nimesalitiwa na damu yangu.

Mwanangu Zaid, anayeendesha lori Houston, amepiga simu kwa furaha. Eti Kocha Raïssa, kaelekezwa na Intisar, amemtembelea. Eti chumba kipo, wamehamia nyumba kubwa, msikiti uko mtaa wa pili, mkewe ameshanunua shuka. Nilimkumbusha kwamba mwaka juzi alisema hana pa kuniweka hata kwa wiki moja. Akasema, “Baba, hiyo ni ile nyumba ya zamani.” Akauliza mbona sauti yangu imebadilika. Nikasema ni mtandao.

Jioni Intisar akanionesha picha kwenye simu. Timu nzima ya Houston imepiga mstari, kila mmoja amevaa suruali ndefu ya kubana chini ya jezi. Wote! Wakatoliki, Wabaptisti, wote, ili mgeni wao asiwe peke yake. Na mtandio wa kichwani wa Intisar umeshonwa tayari, rangi ya timu. Nikasema bluu ile imepauka kidogo.

Lakini kilemba! Kilemba bado.

Jumamosi, 20 Julai

Balthazar amekuja peke yake. Suti ileile.

Amefungua kitambaa cha kitenge mezani. Bao. La mninga. Alilichonga kambini kwa kisu cha kukatia mihogo, akiwa hana kazi wala ruhusa ya kutoka, na alipopewa safari ya Amerika aliacha godoro akabeba hili. Kona moja imebabuka; mwanawe alikuwa akiotea meno pale. Raïssa! Kocha mwenyewe alilitafuna!

Nikamwambia siwezi kulichukua. Akasema, “Muzee, nani nacheza naye kule? Watoto wako kwenye simu. Acha likae kwa mtu.”

Kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba alipoyasikia masharti yangu alijua ninakataa. Kwao pia wanakataa hivyo. Lakini Raïssa hajui, yeye kaambiwa alete, akaleta. Na mzazi atamwambiaje mtoto wake kwamba mtu mzima alikuwa hasemi kweli?

Tukacheza. Warundi wana kanuni zao, anazungusha kete kinyume cha haki, nikamweleza kwa kirefu, akanisikiliza kwa heshima, akanifunga. Tukarudia. Akanifunga. Sijawahi kufurahi hivyo tangu nitue nchi hii.

Badria alirudi kazini akatukuta. Akatazama bao, akanitazama mimi. “Kwa hiyo umekubali?”

Mtu akishapokea kilemba hana mdomo. Nikasema, “Inshallah.” Intisar alipiga ukelele, jirani wa juu akagonga sakafu.

Jumapili, 4 Agosti

Amekwenda.

Raïssa alimfuata na gari. Nilimfungia mjukuu wangu ramani ya Afrika Mashariki, kamusi, na bokoboko la ngano na nyama kwenye chombo cha barafu. Kamusi aliiacha.

Alinikumbatia, akaniambia jambo kwa Kiingereza, halafu akalirudia kwa Kiswahili ili nisisingizie kutosikia. Kwamba ningemwambia abaki, angebaki. Ingetosha neno moja. “Mbona hukusema tu, Babu?”

Nikamwambia jambo kama hilo haliombwi waziwazi. Akacheka. Akalia. Akarudi ndani, akachukua kijiko, akapiga sufuria mara moja, akasema skuli imefungwa.

Jumatano, 7 Agosti

Leo saa tatu asubuhi nilipiga kengele. Mazoea. Hakuja mtu. Nikafundisha upepo wa kusi kwa dakika chache, kwa ajili ya kuweka sauti sawa.

Ndege za abiria kutoka uwanja wa karibu zinapita juu ya paa. Zamani tulikuwa tukibahatisha zinakokwenda, mimi na yeye, halafu tunatafuta kwenye ramani. Peke yako ni kelele tu.

Nimejaribu bao peke yangu, upande huu na upande ule. Nimejifunga. Hata nilipocheza Kirundi.

Jumapili, 11 Agosti. Idi.

Idi njema kwangu! Habari kubwa!

Walipiga simu baada ya sala, wote wamejazana kwenye kioo: Intisar, Zaid, mkewe, na kidevu cha Balthazar. Intisar kafunga pointi nyingi kwenye mechi ya mazoezi. Kisha Raïssa akaishika simu. Wasichana wake sita hawana wa kuwafundisha hesabu huko nyumbani. Wazazi wao wako kazini. Intisar amewaambia ana babu. Kwa Zaid kuna chumba cha pili. Balthazar yuko huru kila Jumamosi. Je, ningependa kuhamia Houston, niwe mwalimu wa timu?

Wanafunzi saba! Darasa! Mjukuu mezani, mpinzani wa bao mlangoni! Nilikuwa nimeshavaa kiatu kimoja.

Lakini mtu mzima haitikii mwito wa kwanza mbio kama kuku aliyesikia mtama. Ungekuwa uchu. Kwa hiyo nikashukuru, nikataja hali yangu. Magoti. Unyevunyevu wa Houston, ambao kijiografia unatokana na Ghuba. Na nani atamwagilia mchicha wa Badria?

Raïssa akasema, “Sawa, Babu. Naheshimu uamuzi wako.”

Msichana mwenye adabu sana. Bila shaka ameenda kushauriana na baba yake ili waje mara ya pili kwa nguvu.

Jumatatu, 12 Agosti

Bado hawajapiga. Wanajipanga.

Jumanne, 13 Agosti

Simu imelia! Nilikimbia kutoka msalani. Ni mtu anayeuza bima ya gari. Nikamweleza kwamba sina gari. Alikata nilipofika kwenye historia ya barabara za Pemba.

Jumatano, 14 Agosti

Badria amenikuta nimekaa na begi. Akaniuliza kwa nini nisiwapigie niseme nataka kwenda. Niseme tu! Nimemsikitikia. Amerika imewaharibu watoto wetu, wanataka kila jambo litolewe mdomoni likiwa uchi. Nimemweleza, kwa utaratibu, tangu mwanzo, habari ya babu yangu na yule tajiri. Alisikiliza amesimama, na sare yake ya kazi. Akasema Intisar amemwambia kwamba kuna mama mmoja Mkenya, Jedidah, amejitolea kufundisha hesabu za timu kuanzia wiki ijayo.

Mbinu hiyo. Wananipa wivu ili nilegee. Balthazar huyo, namjua, mtu wa bao.

Nimeshapanga. Wakipiga mara ya pili, nitaliachia la mchicha. Mara ya tatu, magoti. Unyevunyevu nitaubakiza kidogo, kwa heshima ya nyumba.

Mchicha nimeumwagilia. Bao limefungwa kwenye kitenge chake, kete ndani. Simu iko kwenye chaji, sauti juu. Nimekaa karibu na mlango, viatu vyote viwili miguuni.

Watapiga. Nani hukataliwa mara moja tu akaamini?