Bi Masouda Asitoke Jasho

Jumatano, 8 Oktoba 2025

Volti 187! Kasema Saeed, msimamizi wa kambi ya mapumziko, kipimo cha umeme mkononi. Asubuhi zilikuwa 238. Zikishuka chini ya 200, kiyoyozi cha karavani yangu, nyumba yetu ya magurudumu, hujizima. Kimejizima Magharibi, sisi ndani. Khawla, mke wangu, katoa hukumu: mama yake, Bi Masouda, anakuja Ijumaa. Akitoka jasho, karavani inauzwa. Saeed anasema laini ya umeme ni moja, karavani sita, na jioni kila mtu huwasha kiyoyozi. Kashauri nimpokee mkwe nyumbani mjini, Al Khuwair. Kashauri! Mimi nna mpango.

Alhamisi, 9 Oktoba

Watu wakitoka ndani, viyoyozi vyao vitazimwa. Watatokaje? Nawaalika chakula! Nimepita mlango kwa mlango. Wote wamekubali. Hata Hisham, jirani, ambaye friji yake inatengeneza barafu na hataki tusahau. Kauliza kwangu kutakuwa na baridi au aje na feni. Nikacheka. Atajionea!

Khawla kauliza nani atawaambia wageni wazime. Nikamjibu: mtu mzima haambiwi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Alasiri: Bi Masouda kafika. Kajitanda mtandio mara mbili, kasema anaona baridi. Ushindi!

Baada ya Magharibi: wageni wote ndani, bega kwa bega, pilau inafuka moshi. Kiyoyozi kimya! Nikatoka mbio na kipimo cha Saeed. 171! Karavani tano tupu, viyoyozi vitano vinanguruma. Hisham kashangaa: nani Maskati anazima kiyoyozi akitoka? Wote wameviweka mwisho wa baridi, warudi wakute baridi. Kauliza kama mimi nilizima cha nyumbani. (Kinawaka tangu Jumanne.)

Bi Masouda, jasho hadi kidevuni, kajipepea kwa sahani. Kaniuliza: mwanangu, umenialika chakula, au chakula ni mimi?

Jumamosi, 11 Oktoba

Karavani imeuzwa. Katangaza Khawla, kwenye WhatsApp ya familia. Mnunuzi: Hisham! Anasema ataisogeza kando ya yake, aitumie kwa wageni. Nimekabidhi funguo.

Kosa nimeshaligundua. Kiyoyozi kimoja hakitoshi! Wadi Kabir kuna karavani yenye viwili. Kesho, saa kumi alasiri, naenda kuiona. Khawla anajua naenda Sidab kununua samaki.

Saeed kanishikia nafasi ile ile, laini ile ile. Bi Masouda nimeshamwalika: Ijumaa, tarehe 17. Nimemwambia aje na koti.